Vitabu vya Mageuko ya Viumbe katika Nyumba ya Mcha Mungu

Msomaji na amfikirie koplo mmoja wa jeshi, mtu wa makamo, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika kambi yao. Jioni moja baada ya chakula binti yake anayesoma sekondari analeta daftari la biolojia mezani na kumwuliza: "Baba, leo mwalimu ametufundisha habari ya mageuko ya viumbe. Nikijibu katika mtihani kama alivyotufundisha, je, nitakuwa nimemkana Mungu?"

Koplo ananyamaza. Mkewe, aliyekuwa akiosha vyombo, anasimamisha kazi ili alisikie jibu. Wote wawili wanalijua jambo lililotokea mlango wa pili. Jirani yao sajini, ambaye ni Mwislamu, aliulizwa swali hilo hilo na mwanawe mwaka uliopita, akamwamuru asiliguse tena somo hilo. Kijana akatii, akaacha biolojia, na nia yake ya kuwa tabibu ikaishia hapo. Tangu siku ile baba na mwana huzungumza kwa uchache.

"Mwanangu," koplo anasema mwishowe, "nipe muda. Sitakujibu jambo nisilolisoma."

Jibu hilo ni la mtu mwenye busara. Lakini linazaa swali la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza: asome nini? Mtu wa dini asiye mwanasayansi atakapo kujielimisha juu ya mageuko ya viumbe, aghalabu hukutana na vitabu vya namna mbili, na vyote viwili vyaweza kumpoteza. Vya kwanza vimeandikwa na wataalamu wanaoijua sayansi barabara, lakini kila baada ya kurasa chache humdhihaki mtu anayesali. Vya pili vimeandikwa na watu wanaotaka kuilinda dini, lakini huieleza sayansi kwa makosa, hata msomaji akaenda darasani au hospitalini na silaha zisizo na risasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ipo njia ya tatu, na kwamba njia hiyo imekwisha kupitwa na watu wengi wacha Mungu.

MANENO YENYEWE YANA MAANA GANI

Kabla ya kununua kitabu chochote, yafaa kwanza msomaji ajue jambo lenyewe ni lipi, maana ugomvi mwingi hutokana na kutoelewa.

Nadharia ya mageuko ya viumbe hutegemea mambo manne ambayo kila mfugaji anayaona zizini mwake. Kwanza, viumbe wa jamii moja hawafanani kabisa: yupo ndama mwenye nguvu na yupo dhaifu. Pili, tofauti nyingi hurithiwa kutoka kwa wazazi. Tatu, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi na kuzaa. Nne, wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mahali walipo huacha watoto wengi zaidi, na watoto hao huchukua sifa zile zile. Mfugaji wa ng'ombe wa Ankole huchagua fahali mwenye pembe na umbo alipendalo, na baada ya vizazi vingi kundi lake lote hubadilika. Charles Darwin, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1809, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1859 kwamba ukame, maradhi, baridi na uhaba wa chakula huweza kufanya kazi kama ile ya mfugaji, bila haraka, kwa muda wa maelfu na mamilioni ya miaka. Kazi hiyo huitwa uteuzi wa asili.

Nadharia hii haisemi kwamba siku moja nyani alizaa mtu. Wala haisemi kwamba sokwe wa leo katika msitu wa Budongo ni babu wa mtu yeyote. Inasema kwamba binadamu na sokwe wanao mababu wa kale wa pamoja, walioishi mamilioni ya miaka iliyopita, kama vile koo mbili zilizotengana zamani zinavyoweza kuwa na babu mmoja asiyekuwepo tena. Kadhalika nadharia hii haijibu kwa nini ulimwengu upo badala ya kutokuwapo, wala kama maisha ya mtu yana kusudi, wala kama ni dhambi kuiba. Hayo hayapimwi kwa darubini. Mwandishi anayedai kwamba sayansi imekwisha kuyajibu, kwa kukubali au kwa kukataa, ametoka nje ya kazi yake.

MAMBO YALIYO KARIBU NA NYUMBANI

Watu wengi hudhani kwamba habari hizi ni za visiwa vya mbali na mifupa ya kale tu. Kumbe zinaigusa nyumba ya kila askari katika nchi zinazolizunguka Ziwa Viktoria.

Mfano wa kwanza ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto anayerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa baba na mama huugua vibaya: damu hupungua, viungo humwuma, na wengi hufa mapema wasipotunzwa. Lakini anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi kama watu wengine. Kwa nini basi chembe yenye madhara makubwa namna hii haikutoweka zamani?

Jibu lilipatikana katika nchi zetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa wanasayansi huko Kenya akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba chembe ya selimundu ilikuwa ya kawaida katika pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa haba katika nyanda za juu zenye baridi. Akashuku kwamba sababu ni malaria. Katika utafiti alioutangaza mwaka 1954 alikuwa amewapima watoto 290 wa Buganda. Kati ya watoto 43 waliokuwa na chembe hiyo, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria katika damu. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikutwa navyo 113. Yaani ni watoto 28 katika kila mia upande mmoja, na 46 katika kila mia upande wa pili. Aliyeirithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja alikuwa amepata kinga ya sehemu dhidi ya malaria, akaishi, akazaa, akairithisha. Huo ndio uteuzi wa asili ukifanya kazi katika damu ya watoto wetu.

Elimu hii si ya kujifurahisha. Uchunguzi mkubwa wa damu za watoto wachanga nchini Uganda uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kiasi cha watoto 13 katika kila 100 walikuwa wamebeba chembe hiyo. Wachumba wawili wanaoibeba wote, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Ndiyo maana yafaa wachumba wapimwe damu kabla ya harusi, nao viongozi wa dini wanaoipa elimu hiyo nafasi katika mafundisho ya ndoa hufanya kazi njema sana.

Mfano wa pili ni dawa za malaria. Wazee wanakumbuka jinsi klorokwini ilivyokuwa dawa ya kutegemewa. Baadaye vijidudu vya malaria viliizoea, kwa sababu vile vichache vilivyoweza kuistahimili ndivyo vilivyobaki na kuzaana. Nchi ya Malawi iliacha kuitumia mwaka 1993. Baada ya miaka kumi na zaidi watafiti waliijaribu tena huko, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba dawa ile imerudia nguvu zake: dawa ilipoondoka, vijidudu vyenye ukaidi navyo vilikuwa vimeshindwa na vingine. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kaskazini mwa Uganda kumetokea vijidudu vinavyochelewa kuuawa na dawa za jamii ya artemisinini, ambazo ndizo tegemeo la sasa. Mama anayehakikisha kwamba mtoto amemaliza dozi yote, na askari asiyenunua vidonge viwili vitatu vya kutuliza homa, wanapigana na mageuko ya vijidudu hata kama hawajapata kulisikia jina hilo.

Mfano wa tatu ni samaki wadogo waitwao furu, ambao Waganda huwaita nkejje. Ziwa Viktoria lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, likajaa upya. Hata hivyo wataalamu wamekwisha kuhesabu humo aina za furu zaidi ya 500: wako wanaokula konokono, wanaokwangua mwani mawemawe, na wanaowinda samaki wenzao, kila mmoja na taya lake. Wengi wa aina hizo hawapatikani mahali pengine popote duniani. Sangara alipoletwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuenea baadaye, aina nyingi za furu zilitoweka. Mvuvi na mwanasayansi wote wana sababu ya kuisoma habari hii kwa majonzi.

Mfano wa nne utawahusu hasa wanajeshi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Msumbiji, tangu mwaka 1977 hadi 1992, wapiganaji waliwaua tembo wa Gorongosa kwa ajili ya pembe na nyama, hata katika kila kumi wakatoweka zaidi ya tisa. Tembo jike asiye na pembe hakuwa na thamani kwa mwindaji, basi akaachwa. Kabla ya vita majike wa namna hiyo walikuwa chini ya mmoja katika watano; baada ya vita walikuwa karibu nusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hali hiyo hurithiwa, na kwamba bunduki ndiyo iliyofanya uteuzi. Vita vya miaka 15 viliacha alama katika uzazi wa mnyama anayeishi karibu umri wa mtu.

WALIOTANGULIA KATIKA NJIA HII

Mtu wa dini anayefungua kitabu cha mageuko ya viumbe asijidhani kuwa wa kwanza. Elimu ya urithi yenyewe ilianzishwa na mtawa. Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, alipanda njegere katika bustani ya monasteri kwa miaka mingi, akatangaza matokeo yake mwaka 1866. Bila sheria zake mtu asingeweza kueleza kwa nini selimundu humpata mtoto huyu na kumwacha yule.

Darwin naye alisomea uchungaji huko Cambridge kabla ya kusafiri. Ni kweli kwamba imani yake ilififia kadiri miaka ilivyopita, na kifo cha binti yake Annie, aliyefariki mwaka 1851 akiwa na umri wa miaka kumi, kilimjeruhi sana. Hata hivyo katika barua ya mwaka 1879 alisema waziwazi kwamba mtu aweza kumwamini Mungu kwa moyo wote na papo hapo kuyakubali mageuko ya viumbe. Mkewe Emma alibaki mcha Mungu, nao waliishi pamoja kwa mapenzi hadi Darwin alipokufa mwaka 1882.

Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wataalamu wakuu wa mageuko ya viumbe katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1973, aliyowaandikia walimu wa biolojia, alieleza kwamba pasipo mageuko elimu ya viumbe haieleweki, na katika makala hayo hayo akasema kwamba yeye anaamini uumbaji, nayo mageuko ndiyo njia ya Mungu ya kuumba.

Kanisa Katoliki limelitamka jambo hili mara kadhaa. Mwaka 1950 Papa Pius wa 12 hakukataza uchunguzi juu ya asili ya mwili wa binadamu, ila alishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema kwamba nadharia ya mageuko sasa imezidi kuwa dhana tu. Katika Kanisa la Anglikana, Frederick Temple aliipokea elimu mpya katika mahubiri yake ya mwaka 1860, na mwaka 1896 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Zamani zaidi, Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliwaonya Wakristo wasiseme upuuzi juu ya mambo ya maumbile mbele ya watu wanaoyajua, wakasababisha Maandiko yenyewe kudharauliwa.

Upande wa Uislamu, al-Jahiz wa Basra, aliyeishi katika karne ya tisa, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama kinachozungumzia jinsi wanavyogombea kuishi na jinsi mazingira yanavyowagusa. Ibn Khaldun wa Tunis, katika utangulizi wa historia yake wa mwaka 1377, aliueleza uumbaji kama ngazi inayopanda kutoka madini hadi mimea, wanyama, na mwanadamu. Hayo hayakuwa nadharia ya Darwin, lakini yanaonyesha kwamba wanazuoni wa Kiislamu hawakuogopa kufikiri juu ya uhusiano wa viumbe. Katika siku zetu Rana Dajani, mwanabiolojia Mwislamu wa Yordani, amewafundisha wanafunzi Waislamu mageuko ya viumbe akiwa amejifunga hijabu yake, na mwaka 2015 alieleza hadharani sababu zake.

Haki inadai kusema pia kwamba si wote wanaokubaliana. Yako makanisa yanayofundisha kwamba siku sita za uumbaji ni siku za saa 24. Wako masheikh wanaokubali mageuko ya mimea na wanyama lakini wanashikilia kwamba Adamu aliumbwa peke yake bila wazazi, na wako wanaoikataa nadharia yote. Mtu hawi msaliti wa dini yake kwa kusoma, wala hawi mjinga kwa kubaki na swali lisilojibiwa. Lililo baya ni kuhukumu bila kujua.

VITABU VYA KUANZIA

Vitabu vizuri juu ya somo hili vingi ni vya Kiingereza. Vifuatavyo vimepangwa kwa utaratibu wa kumfaa msomaji wa kawaida.

Aanze na vitabu vinavyoeleza sayansi bila kuigusa dini. Your Inner Fish cha Neil Shubin, kilichotoka mwaka 2008, kinasimulia jinsi kisukuku cha Tiktaalik kilivyopatikana kaskazini ya mbali ya Kanada mwaka 2004. Ni samaki aliyeishi miaka milioni 375 iliyopita, mwenye mapezi yenye mifupa inayofanana na ya mkono. The Beak of the Finch cha Jonathan Weiner, cha mwaka 1994, kinaeleza kazi ya mume na mke, Peter na Rosemary Grant, waliowapima ndege wa kisiwa kimoja cha Galapagos tangu mwaka 1973. Ukame mkali wa mwaka 1977 uliwaua wengi, wakasalia zaidi wale wenye midomo mikubwa iliyoweza kuvunja mbegu ngumu. Na kwa watu wa Ziwa Viktoria hakuna kitabu kilicho karibu kuliko Darwin's Dreampond cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyewachunguza furu huko Mwanza.

Kisha asome waandishi wanaoamini. Francis Collins, daktari aliyeongoza kazi ya kuisoma DNA yote ya binadamu hadi ilipokamilika mwaka 2003, hakuwa na dini katika ujana wake, akaongoka akiwa tabibu. Kitabu chake The Language of God, cha mwaka 2006, ni chepesi kusomeka. Kenneth Miller, Mkatoliki na mwalimu wa biolojia, aliandika Finding Darwin's God mwaka 1999, akiwajibu wanaopinga sayansi na vilevile wanaoipinga dini. Denis Alexander, mwanabiolojia Mkristo wa Uingereza, aliandika Creation or Evolution: Do We Have to Choose? mwaka 2008, kitabu kinachoyapitia maandiko ya Mwanzo kwa uangalifu.

Mwislamu atafaidika na Islam's Quantum Question cha Nidhal Guessoum, mtaalamu wa nyota kutoka Algeria, kinachoeleza kwa upana uhusiano wa Uislamu na sayansi ya leo. Kipo pia Islam and Evolution cha Shoaib Ahmed Malik, cha mwaka 2021, kinachopima hoja zote kwa mizani ya mafundisho ya al-Ghazali. Hiki ni kigumu kidogo, lakini mchapishaji amekiruhusu kisomwe bure, na sheikh wa kikosi aweza kukisoma pamoja na vijana.

Kitabu cha Darwin mwenyewe na kiachwe kiwe cha mwisho. Ni kirefu, na kiliandikwa kabla dunia haijaijua DNA. Lakini msomaji aliyekomaa atashangazwa na upole wake, na jinsi mwandishi anavyoyataja kwa uaminifu magumu ya nadharia yake mwenyewe.

MIZANI YA KUPIMIA KITABU

Huenda msomaji akakutana na vitabu vingine sokoni, au akaazimwa na rafiki. Yako maswali matano ya kumsaidia kupima.

Mosi, mwandishi ni nani, naye amesomea nini? Mhandisi hodari si lazima awe mjuzi wa viumbe, na mwanabiolojia hodari si lazima awe mjuzi wa dini.

Pili, je, anazieleza hoja za wapinzani wake kwa namna ambayo wapinzani wenyewe wangezikubali? Anayempiga adui aliyemtengeneza mwenyewe kwa majani makavu hajashinda vita.

Tatu, je, anataja ushahidi unaoweza kukaguliwa: mahali, tarehe, vipimo? Kitabu kinachosema tu kwamba wataalamu wamethibitisha, bila kusema nani na wapi, kisiaminiwe upesi.

Nne, je, anakubali kwamba yako asiyoyajua?

Tano, je, anamtukana mtu? Why Evolution Is True cha Jerry Coyne, cha mwaka 2009, kinapanga ushahidi vizuri sana, ilhali mwandishi wake ni mpinzani wa dini. Chaweza kusomwa kwa faida, mradi msomaji ajue mapema ni nani anayesema naye, kama vile askari ajuavyo ramani imechorwa na nani kabla ya kuifuata.

KUSOMA PAMOJA NYUMBANI

Wazazi wengi wa kambini hawana Kiingereza cha kutosha kwa vitabu hivi. Hilo lisiwavunje moyo. Binti na asome ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kisha aueleze kwa Kiswahili. Kwa njia hiyo mtoto atajifunza mara mbili, na baba atajua hasa kilichofundishwa badala ya kuamini uvumi. Si aibu mzazi kuwa mwanafunzi mbele ya mwanawe kwa nusu saa baada ya chakula.

Vitabu vyenyewe ni ghali. Familia nne au tano zinaweza kuchanga na kununua kimoja, wakakipokezana. Maktaba za shule, za parokia na za umma ziulizwe. Katika safari ya Kampala, watoto na wapelekwe katika Jumba la Makumbusho la Uganda, lililoanzishwa mwaka 1908, wajionee visukuku. Waambiwe kwamba Darwin alibashiri mwaka 1871 kuwa yamkini mababu wa binadamu waliishi Afrika. Kwamba mwaka 1959 Mary Leakey aliokota fuvu la kale huko Olduvai. Kwamba mumewe Louis alizaliwa Kabete, mwana wa wamisionari. Kwamba Mkenya Kamoya Kimeu ndiye aliyeiona mwaka 1984 mifupa ya kijana wa Turkana, aliyeishi kiasi cha miaka milioni moja na nusu iliyopita. Na kwamba mwaka 2011 huko Napak, Karamoja, lilipatikana fuvu la mnyama wa jamii ya sokwe wa kale lenye umri wa miaka milioni 20. Habari hii si ya wageni. Ardhi iliyoihifadhi ni ya Afrika Mashariki.

Tena kiongozi wa dini asifanywe adui. Padre, mchungaji au imamu wa kikosi na aulizwe kwa heshima, naye aazimwe kitabu. Mara nyingi atakuwa amekwisha kuulizwa na wengine, asijue pa kuanzia.

Basi koplo yule, baada ya majuma machache ya kusoma pamoja na binti yake, anaweza kumjibu. Atamwambia: "Mwanangu, andika ulivyofundishwa, na uandike vizuri. Mtihani unakuuliza wanasayansi wamegundua nini. Haukuulizi unamwabudu nani. Mengine tutaendelea kuyasoma, mimi na wewe. Mimi mwenyewe bado nina maswali juu ya Adamu, na nimemwambia mchungaji hivyo."

Mama naye atakuwa na lake. Amekwisha kusikia habari ya selimundu ikisomwa mezani, naye anajua kwamba kaka wa binti yao amechumbia. Atasema kwamba Jumatatu wachumba wale waende wakapime damu.

Na endapo sajini wa mlango wa pili atabisha hodi na kuuliza kama kitabu kile kinaweza kuazimwa, si kwa ajili yake, bali kwa kijana wake aliyeacha somo, koplo asimwulize lolote la mwaka jana. Ampe kitabu, na amkaribishe chai.